Mateka Ndiye Aliyejua Njia

Mnamo Julai 1898 mvulana mmoja alitanguliza mguu mbele ya bunduki za Wajerumani katika nyika iliyo chini ya milima ya Iringa. Jina lake limeandikwa kuwa Lifumika. Kikosi kilichomshika kiliongozwa na Sajini Meja Merkl, aliyekuwa kwa siku kadhaa akifuata nyayo za mtu mmoja tu. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imetangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa cha mtu huyo. Mvulana alipobanwa kwa maswali alisema kwamba Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hayuko mbali: amelala mgonjwa, mwendo wa saa tatu hivi. Wakamwambia awapeleke.

Anayetoka Iringa mjini leo kwenda Mlambalasi, alikojificha Mkwawa, na Pawaga huyahisi mwilini mabadiliko ya nchi ile. Baridi ya mlimani inabaki nyuma, mibuyu inaanza kusimama kando ya njia, nyasi zinageuka kahawia, koo linakauka. Julai ni kiangazi. Maji yapo katika Ruaha Mdogo, lakini ukiuacha mto huna budi kumtegemea mwenyeji. Merkl hakuwa mwenyeji. Kila hatua ya kikosi chake ilitegemea ukweli wa mtoto ambaye hakuwa na sababu ya kuwapenda, na ambaye kwa kukosea kijia kimoja tu angeweza kuwapoteza porini au kuwafikisha mbele ya mtutu wa bunduki. Mtoto naye alijua vizuri kwamba waliokuwa nyuma yake hawangemvumilia sana.

Walipofika waliona watu wawili wamelala chini. Wakafyatua risasi. Walipokaribia walikuta wote wawili wamekwisha kufa; Mkwawa alikuwa amejipiga risasi mwenyewe ili asishikwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa katika boma la Iringa kwa Tom Prince, ofisa ambaye watu walimwita Bwana Sakarani. Tarehe inayokumbukwa ni 19 Julai.

Mkwawa ana makumbusho Kalenga, ana shule na barabara zenye jina lake, na heshima hiyo anaistahili. Lakini katika saa zile tatu za mwendo kulikuwa na mtu mwingine, na ni haki naye atazamwe. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka 30 Oktoba 1894. Tangu hapo jeshi lenye bunduki za kisasa liliizunguka Uhehe kwa karibu miaka minne likimtafuta mtu mmoja. Lilichoma vyakula, likajenga boma jipya la Iringa mwaka 1896, likamtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kisha likamnyonga mwanzoni mwa 1897. Mkwawa hakupatikana. Alipatikana, tayari akiwa maiti, pale tu askari walipomshika mtoto aliyejua alipolala.

Yaliyompata mtoto huyo hayakuanzia kwake. Katika nchi yote iliyo kati ya Ruaha Mkuu na Ziwa Nyasa, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, safari za hatari zilitegemea watu waliosafirishwa kwa nguvu. Mateka alionyesha kivuko na kisima. Alibeba chungu na unga. Alitafsiri. Alitoa habari za nani amejificha wapi na ana baruti kiasi gani. Mtekaji mwenye mkuki alikuwa na nguvu ya kumuua, lakini mara nyingi hakuwa na njia ya kufika bila yeye, na wote wawili walilijua hilo kila walipolala usiku kando ya moto mmoja.

Tuanzie Usangu, kwenye bonde pana ambalo mito ya milima ya Uporoto na Kipengere huteremkia kabla ya kuungana kuwa Ruaha Mkuu. Leo msafiri wa basi kutoka Makambako kwenda Mbeya huliona upande wake wa kulia baada ya Igawa, nchi ya mpunga na ng'ombe. Katikati ya karne ya 19 nchi hiyo ilikuwa mikononi mwa watawala wenye jina la cheo la Merere, na mji wao mkuu ulikuwa Utengule. Richard Burton, aliyepita njia ya Ugogo mwaka 1857, aliwaandika Wasangu kwa jina la Warori, akaeleza sifa yao ya kuvamia na kuteka. Misafara ya watu wa pwani ilifika kwao kutafuta vitu viwili: pembe za ndovu na watu. Walileta nguo za merikani na kaniki, shanga, na baadaye bunduki na baruti. Bunduki zilizaa mateka, mateka wakanunua bunduki nyingine.

Kisha mzani ukageuka. Wahehe, ambao walikuwa wamezoea kuvamiwa na Wasangu, waliunganishwa chini ya Munyigumba wakawa dola, nao wakaanza kuwasukuma Wasangu magharibi. Merere alilazimika kuiacha nchi yake na kuhamia kwa Wasafwa, chini ya safu ya milima ya Mbeya, akajenga ngome mpya yenye kuta. Nayo ikaitwa Utengule. Ndiyo Utengule ya Usongwe, karibu na Mbalizi ya leo. Wasafwa waliokuwa wenyeji wa pale wakajikuta chini ya wageni waliofukuzwa kwao. Hivyo ndivyo vita vya siku zile vilivyokwenda: aliyefukuzwa alifika kwa jirani mwenye nguvu ndogo, akamfanyia yale aliyofanyiwa.

Mwingereza mmoja aliyaona hayo kwa macho yake mwaka 1877. James Frederic Elton alikuwa konseli wa Uingereza huko Msumbiji, na hakuwa mgeni wa habari za utumwa. Miaka michache nyuma, Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa ametia saini mkataba wa 5 Juni 1873 uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Wafanyabiashara hawakuacha; waliwahamishia watu wao nchi kavu, wakawatembeza kutoka Kilwa kuelekea kaskazini kwa kufuata ufuko. Elton alitumwa kupita njia hiyo. Kati ya Desemba 1873 na Januari 1874 alihesabu zaidi ya watu 4,000 wakipitishwa mbele yake katika muda wa mwezi mmoja hivi. Ni mmoja wa watu wachache wa wakati ule waliosimama kando ya njia wakahesabu vichwa, na hesabu hiyo ndiyo ushahidi mzito zaidi kuliko maneno mengi ya huruma yaliyoandikwa London.

Mwaka 1877 Elton alikwenda kutafuta chanzo cha mto ule wa watu. Akiwa na wenzake wanne, mmoja wao Herbert Rhodes, ndugu yake Cecil Rhodes, alipanda Ziwa Nyasa hadi ncha ya kaskazini, akavuka milima ya Wanyakyusa na kuingia katika nchi ya Merere. Alimkuta Merere amezingirwa na adui zake. Msafara uliokuja kuchunguza utekaji ukawa umekwama ndani ya vita vya watekaji, katika mji ambao kutoka kwake kulihitaji ruhusa ya mwenyeji na bahati ya kutokutana na jeshi lililo nje.

Walipoondoka hawakuweza kufuata njia fupi. Makabila yalikuwa vitani, wapagazi hawakupatikana, chakula kilikuwa haba. Wakazunguka kupitia nchi kame wakielekea Ugogo, eneo ambalo wasafiri waliliogopa kwa ukosefu wa maji. Ugogoni kisima kilikuwa na mwenyewe, na kila mtawala alidai hongo kabla ya msafara kuteka maji. Elton alikuwa amedhoofika kwa njaa na homa. Alifariki Desemba 1877 karibu na Usekhe, akiwa na umri wa miaka 37, na wenzake wakamzika chini ya mbuyu mkubwa unaotazama mbuga. Kama mtu mwenye cheo na bunduki aliimalizia safari ile chini ya mbuyu, ni rahisi kufikiri ilikuwaje kwa msichana wa miaka minane aliyepitishwa kwenye jua lilelile akiwa amefungwa kamba.

Picha iliyozoeleka ya safari hizo ni mstari mrefu wa watu wenye minyororo, kila mmoja na pembe ya ndovu begani. Picha hiyo inahitaji kusahihishwa kidogo. Wapagazi wengi wa njia ya kati, waliobeba pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo, walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliolipwa kwa kazi yao na kuionea fahari. Mateka walitembea kwa utaratibu mwingine. Wanaume waliodhaniwa kuwa hatari walivishwa kongwa shingoni, mti wenye panda uliofungwa kwa mbele, na ncha yake ya pili ikashikwa au ikafungwa kwa mwenzake. Wanawake walifungwa kwa kamba, wakabeba mizigo ya chakula na vyombo. Watoto wadogo mara nyingi hawakufungwa kabisa. Hakukuwa na haja: mtoto hamwachi mama yake, na mama hakimbii akiacha mtoto.

Hofu ilikuwa pande zote mbili, na ilikuwa kubwa zaidi katika siku za kwanza. Mateka ambaye bado anaiona milima ya kwao alikuwa tayari kujaribu lolote, na ndugu zake waliobaki wangeweza kuufuata msafara usiku. Kwa hiyo watekaji waliharakisha mwendo wa awali, wakaepuka vijiji, wakakaza kamba. Kadiri umbali ulivyoongezeka ndivyo kamba zilivyoweza kulegezwa, kwa sababu moja mbaya: mtu aliyetoroka katika nchi asiyoijua, asiyejua lugha yake na asiye na ndugu wa kumdai, alikuwa mali ya yeyote atakayemwona kwanza. Ugeni wenyewe ulikuwa mnyororo.

Na aliyeshindwa kutembea? David Livingstone, akipanda na mto Ruvuma Juni 1866, alimkuta mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekufa. Watu wa pale walimweleza kwamba hakuweza kwenda sambamba na wenzake, na bwana wake hakutaka apate nafuu kisha akawa mali ya mtu mwingine. Maelezo hayo yana ukatili wa aina ya pekee, kwa sababu ni ya hesabu tu. Hayana hasira ndani yake.

Si kila mateka alifika pwani, na jambo hili ndilo linalopotea tunapoisimulia historia ya utumwa kama historia ya Kilwa na Zanzibar peke yake. Wengi hawakutoka bara. Walibaki Uhehe, Usangu, Unyiha, Ubena, wakalima mashamba ya watu wengine, wakaolewa na watekaji wao, wakazaa watoto ambao leo wajukuu zao wanajiita kwa kabila la mtekaji bila kujua. Dola ya Wahehe yenyewe ilijengwa kwa kumeza watu. Baada ya amri za Sultani za 1876 kupiga marufuku hata misafara ya nchi kavu, kumpeleka mtu pwani kulizidi kuwa na hatari, na wengi zaidi wakabaki kutumika bara.

Mmoja wa waliobaki hata aliuchukua ufalme kwa muda. Mwambambe alikuwa Mnyamwezi, mtumwa wa Munyigumba. Alipanda kwa vita na kwa akili, hadi Munyigumba akampa binti yake na madaraka ya sehemu ya nchi. Munyigumba alipofariki mwaka 1879, Mwambambe alijinyakulia utawala, na Mkwawa, mtoto wa mfalme, akalazimika kukimbilia Ugogo. Kwa muda mtumwa alikuwa amekalia kiti na mrithi alikuwa mkimbizi akitafuta hifadhi katika nchi kavu. Mkwawa alirudi na nguvu, na vita vya kumwondoa Mwambambe viliua watu wengi kiasi kwamba Ilundamatwe, pale vilipopiganwa, pakakumbukwa kwa mafuvu yaliyorundikana. Wale wanaopenda kumwonyesha mateka kama mtu asiye na kauli wala nia wamtazame Mwambambe. Alijua nchi, alijua jeshi, alijua siri za nyumba ya bwana wake, na alivitumia vyote.

Upande wa Ziwa Nyasa hali ilikuwa mbaya zaidi miaka ya 1880. Mlozi, mfanyabiashara aliyejijengea ngome karibu na Karonga, aliwashambulia Wangonde mwezi Oktoba 1887, na wengi wakafa katika wangwa wa ziwa walikokimbilia, huku wengine wakichukuliwa. Hofu ilivuka mto Songwe hadi Unyakyusa. Waingereza walimshika Mlozi na kumnyonga Desemba 1895.

Wamisionari wa Moravian wakiongozwa na Theodor Meyer walifika Rungwe mwaka 1891. Miaka minne baadaye walifungua kituo Utengule ya Usongwe, palepale penye ngome ya Merere, ambaye baadaye alirudi Usangu akiwa mshirika wa Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Mahali palipokuwa mwisho wa safari ya mateka pakawa kimbilio la waliotoroka, wajane, watoto waliodaiwa kama fidia ya makosa ya wajomba zao, na watu ambao ofisa wa Kijerumani aliwanyang'anya msafara fulani na hakujua awapeleke wapi. Mmisionari Elise Kootz-Kretschmer, aliyejifunza Kisafwa na kuandika juu ya Wasafwa kwa miaka mingi, alikaa akawasikiliza. Kwa kazi hiyo anastahili shukrani kuliko maofisa wote walioandika ripoti za vita.

Mwanamke aitwaye Narwimba alimsimulia maisha yake. Alipofiwa na mumewe, yeye mwenyewe alimwendea ndugu wa marehemu akamwomba amrithi, ili awe na mwanaume wa kumlinda yeye na watoto wake. Wengi wetu tumefundishwa kuona kurithiwa kwa mjane kama jambo analofanyiwa. Narwimba alilitafuta, kwa sababu alijua hesabu ya nyakati zile: mwanamke asiye na mtu nyuma yake huwa wa kwanza kuchukuliwa, na wa kwanza kutolewa kulipa deni. Hata hivyo alitekwa. Akatoroka, akarudi kwa miguu akijificha, akitumia ujuzi uleule wa nchi ambao watekaji waliuhitaji kwake.

Chisi alitekwa akiwa mtoto mdogo mno, akapita katika mikono ya mabwana kadhaa. Simulizi yake haina kamba nyingi wala kongwa. Ina kuhamishwa, kupewa, kuuzwa, kuolewa, kukimbia. Ukisoma masimulizi ya wanawake hawa wawili unaona kwamba safari ya mateka haikuwa na mwanzo na mwisho kama tunavyoichora kwenye ramani, mshale kutoka ziwani hadi Kilwa. Ilikuwa ya vipande vifupi, kila kipande na mtekaji wake mpya, na kila mtekaji mpya alipaswa kusomwa upya: anataka nini, anaogopa nini, analala saa ngapi.

Sheria zilikuja polepole. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Kichwa cha Mkwawa kilipata sheria yake mapema kuliko watumwa: mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliidai Ujerumani ikirudishe ndani ya miezi sita. Hakikurudi hadi 1954, gavana Edward Twining alipolikabidhi fuvu huko Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye angekuwa Spika wa Bunge la nchi huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Narwimba na Chisi walikuwa wametembea njia zao zote kabla ya siku hiyo.

Masimulizi yao yalitoka kwa Kiingereza mwaka 1932. Mwaka huohuo kikatoka kitabu kingine cha mtu wa nchi ile, Msatulwa Mwachitete, mtoto wa nyumba ya kichifu ya Wanyiha, ambaye utoto wake ulivurugwa na vita hivyohivyo. Naye anasimulia njia alizopita, kutoka miaka ya kukimbizwa na kuogopa watu wa Merere hadi miaka alipozipita akiwa mwalimu, ameshika kitabu, akilala katika vijiji ambavyo zamani mgeni hakuvifikia ila akiwa ameshika mkuki au amefungwa kamba.